Kikombe cha Saa Kumi

Jumapili, 9 Machi

Nimefika Ikonge na mabegi mawili, mto wangu wa kulalia na woga. Mume wangu Osoro ameamua nikae kwa mama yake mpaka nijifungue. "Ukibaki Kiogoro peke yako nikiwa kazini utakufa njaa," alisema, akacheka. Mimi sikucheka. Siku hizi neno kufa halinichekeshi hata kidogo.

Damu yangu iko chini. Kwenye kituo cha afya wamesema ni nane, nao wanataka kumi na moja. Wamenipa vidonge vya chuma na kuniambia nile mboga za kijani. Mtoto anatarajiwa mwisho wa Mei. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na dini, mambo ya damu nimewaachia wenzangu wa Biolojia, lakini hesabu ya kutoa naijua.

Dirisha la chumba changu linatazama shamba la chai. Kati ya dirisha na chai kuna kaburi la Bonareri. Alikuwa mke wa Osoro kabla yangu. Alijifungua katika nyumba hii, damu ikamtoka, yeye na mtoto wakazikwa pamoja. Osoro hakunificha. Alinieleza yote kabla hajaja kwetu kuposa, nami nikasema si kitu. Nilikuwa Kiogoro niliposema hivyo, na sikuwa nimelala mahali ambapo ukifungua pazia unaliona.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe wangu, Mama Tryphosa, husoma Biblia ya Ekegusii tu, lugha yetu ya Kisii.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimetazama Mama anavyotengeneza ile dawa ya damu anayoninywesha. Nilitaka kujua ninachokunywa.

Mama huchuma majani ya saga, ile mboga chungu ya mgagani, kabla jua halijapanda. Anayachemsha kwenye sufuria kubwa mpaka maji yawe ya kijani kizito, anayamwaga. Anatia maji mengine, anachemsha tena, anamwaga tena. "Uchungu lazima utoke wote," anasema. Kisha anayaanika juu ya mabati ya banda la kuku, jua liyapige mpaka yageuke kahawia na kuvunjika ukiyagusa. Anatwanga, anachekecha, unga unaingia kwenye mkebe wenye kifuniko cha buluu.

Saa kumi, wakati wa chai, anatia vijiko viwili vya unga kwenye sufuria ya chai, tena chai yenyewe nzito, majani ya kujaza kiganja. Anaitokosa mpaka iwe nyeusi. Anachuja kwa kitambaa, anaongeza maziwa na sukari. "Nguvu yote ya saga imeingia hapa," anasema. Halafu anasimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka nione chini ya kikombe. Mimi huvimeza vidonge vyangu hapo hapo, mambo yaishe mara moja.

Ni chungu, haki. Sukari haifui dafu. Lakini kwetu mke hakatai kikombe cha mama mkwe.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kikombe. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Nimegundua jambo. Saga iliyonona kuliko zote iko nyuma ya kaburi. Mama huinama pale na kuchuma kwanza, ndipo aende kwingine. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hapo udongo ni mzuri." Nilirudi ndani nikaketi kitandani.

Na jambo jingine: hamwiti Bonareri kwa jina. Akilazimika kumtaja husema "yule mwenzako." Mwenzangu! Sikuwahi hata kumwona.

Sabato, 22 Machi

Baada ya ibada, Nyaboke wa boma la jirani alinivuta kando ya kanisa. Ni mama mwenye mdomo mwepesi, kila mtu anajua, lakini nilimsikiliza.

"Ni wewe unakunywa ile ya kijiko?"

"Ndiyo, Mama Nyaboke."

"Ee Nyasae, Mungu wangu." Akatazama huku na huku. "Yule naye alikunywa. Kila siku. Alikuwa anakuja kwangu akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio akipanda kilima."

Nilipanda kilima kurudi nyumbani. Moyo ulinienda mbio. Nilisimama mara kwa mara nikijifanya natazama chai. Mama alikuwa mbele yangu na Biblia chini ya kwapa, akageuka, akanisubiri. Sijui anafikiria nini. Uso wake haufunguki.

Alhamisi, 27 Machi

Natamani kutafuna mawe, yale meupe laini ambayo wajawazito hununua sokoni. Nimekwangua hata ukuta. Nimeona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Jumatano, 2 Aprili

Jua limepotea wiki nzima. Majani yaliyoanikwa yamelowa, yakaota ukungu mweupe, nikayasikia yakinuka tangu mlangoni. Nilidhani sasa nitaepuka kile kikombe. Wapi! Mama aliyatupa, akachuma mengine, akayachemsha na kumwaga kama kawaida, akayatandaza kwenye chekeche kubwa juu ya meko. Sasa unga unanuka moshi.

Leo nilifanya ujinga. Mama aliitwa na mtu barabarani, nami nikamwaga kikombe nyuma ya mgomba. Nilipogeuka alikuwa amesimama pale. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza! Alichukua kikombe, akarudi jikoni, akapika kingine tangu mwanzo, kuwasha moto, kuchuja, kila kitu. Akanipa. Alikuwa amekijaza mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.

Nilikunywa. Tangu hapo nimeogopa mara mbili. Naogopa kwamba kitu hiki ndicho kilichomuua mwenzangu, na naogopa kwamba ndicho pekee kinachonishikilia hapa duniani, nami nimekimwaga chini ya mgomba.

Jumamosi, 5 Aprili

Osoro alikuja jana jioni. Nilimwambia nataka kurudi Kiogoro. "Mama anajua kazi yake," akasema. "Usimkasirishe, Emily." Nikamuuliza mbona basi wewe huingii chumba hiki, unalala kwenye viti vya sebuleni? Baadaye nilimwona amesimama dirishani kwa nje, mgongo kwa kaburi, akitazama viatu vyake. Maskini. Tuko watu watatu katika nyumba hii na kila mmoja anaogopa pembeni yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Saba nukta nne.

Imeshuka. Nimekunywa kila kikombe isipokuwa kile kimoja, nimemeza kila kidonge, na imeshuka! Nesi Roselyne alipima tena akidhani mashine imekosea. Mashine haikukosea. Aliniuliza kama natumia vidonge. Nikasema kila siku. Akaniuliza kama nina minyoo, nikapewa dawa. Akasema ikiendelea kushuka nitapelekwa Kisii kuongezwa damu, na kwamba wakati wa kujifungua mwanamke mwenye damu kama yangu hana akiba. Ndivyo alivyosema: hana akiba. Mwingine akitoka damu kidogo anapata kizunguzungu, mimi nitakwenda.

Niliketi kwenye benchi la nje nikishika tumbo. Mtoto aliruka. Nilimwambia atulie, asinimalize. Kisha nililia kwa sababu nimemwambia mtoto wangu maneno kama hayo.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa langoni.

"Wamesema nini?"

"Imeshuka."

Alifumba macho. Akaenda jikoni. Nilisikia kinu kikianza, pu, pu, pu, hakikunyamaza mpaka giza lilipoingia.

Ijumaa, 11 Aprili

Vijiko vinne sasa. Na kikombe cha asubuhi pia. Chai imekuwa kama lami. "Tukazane," anasema Mama.

Jumatatu, 14 Aprili

Kucha zangu ni nyeupe. Mvua.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, maana kichwa bado kinazunguka.

Asubuhi niliinuka kuchukua kikombe jikoni nikaanguka. Nilipofungua macho, kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya Mama Tryphosa, naye ananipepea kwa kifuniko cha sufuria. Kikombe kilikuwa kando, bado kimejaa. Akakileta mdomoni mwangu.

Nilikisukuma. Sijui nguvu nilitoa wapi. Nikasema yale yaliyonikaa kooni tangu Machi.

"Bonareri ulimpa hii hii?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati, tulikuwa wawili tu.

"Ulimpa, Mama?"

"Nilimpa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimpa kijiko kimoja. Saga ya mwaka ule ilikuwa haba, chai ilikuwa imekula shamba lote. Nilimpa kijiko kimoja kwa siku, na siku nyingine nusu." Akajifuta pua kwa kanga. "Wewe nimekuwekea viwili, sasa vinne. Baada yake nilipanda saga pale nyuma, karibu naye, nikaapa haitapungua tena. Nikikupa kidogo na wewe utaenda. Kunywa, mwanangu. Nakuomba."

Nilikuwa nimemwogopa mwanamke huyu tangu Machi. Nilidhani anasimama mlangoni kunilinda nisitoroke. Kumbe anasimama pale kwa sababu wasiwasi haumruhusu kuketi. Tangu mke wa kwanza wa mwanawe azikwe, amekuwa akijihukumu kwa nusu kijiko.

Nilikunywa kile kikombe, kwa sababu aliniomba. Lakini nilimwambia Jumanne tutakwenda kituoni pamoja, naye aeleze mwenyewe kwa nesi anavyoipika.

Jumanne, 22 Aprili

Mama alivaa nguo ya Sabato na kubeba mkebe wenye kifuniko cha buluu kwenye mkoba. Nesi Roselyne alimkaribisha kwa heshima. "Haya, Mama, nifundishe."

Mama alieleza yote, na alieleza kwa fahari: kuchuma, kuchemsha, kumwaga, kuanika, kutwanga. Roselyne alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuuliza. Alinusa unga, akausugua kwa vidole.

"Kisha anaula na nini?"

"Hauli. Anaunywa. Naupika ndani ya chai."

Roselyne aliacha kusugua vidole. "Chai ya majani? Hii yetu?"

"Sasa tungekuwa na chai gani nyingine?" Mama alishangaa.

"Na vidonge, Emily, unavimeza na nini?"

"Na chai hiyo hiyo." Nilishajua jibu ni baya.

Roselyne alivuta kiti karibu na Mama, akaanza kusema polepole kwa Ekegusii, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. Yale maji ya kijani anayomwaga huondoka na vitamini nyingi za jani. Jua kali juu ya mabati hula sehemu kubwa ya zile zinazobaki, na moshi wa meko hausaidii. Chuma chenyewe hakiungui; kimebaki ndani ya unga, tena kijiko cha unga kina chuma kingi kuliko kijiko cha majani mabichi, maana maji yamekauka. Hapo Mama aliinua kichwa. "Lakini chai," Roselyne akasema, "chai hukikamata chuma tumboni. Hukishika kisiingie kwenye damu. Kile cha saga na kile cha vidonge, vyote. Kadiri chai inavyokuwa nzito, ndivyo inavyokamata."

"Kwa hiyo vijiko vinne..." nikaanza.

"Vimetoka kama vilivyoingia, sehemu kubwa."

Mama alikuwa amekumbatia mkoba. "Chai?" alisema. "Chai imesomesha watoto wangu. Nyumba ile ni chai." Tulipotoka nje aliniacha nitangulie, akatembea nyuma yangu njia yote.

Jumatano, 23 Aprili

Asubuhi sikusikia kinu. Nilikuta mboga mezani, saga mbichi iliyochemshwa kidogo tu na kukaangwa na nyanya, maji yake yapo humo humo, uchungu wake upo, limau limekatwa pembeni. Vidonge na maji ya machungwa. Mekoni hakuna birika la chai.

Nimekula huku machozi yakinitoka, kwa uchungu wa saga na kwa mengine.

Jumamosi, 26 Aprili

Osoro alifika, akaketi, akasema, "Mama, chai." Mama akamletea maji ya moto. Mtu amekaa Ikonge, amezungukwa na chai mpaka upeo wa macho, anakunywa maji ya moto! Nilimwambia anaruhusiwa, ni mimi tu na tena ni karibu na chakula tu. Mama akasema, "Yaya, hapana. Humu ndani haitapikwa mpaka mtoto atoke." Yeye mwenyewe kichwa kinamuuma kwa kukosa chai, amejifunga leso.

Saga ya akiba sasa inakauka ghalani, kwenye wavu, kivulini, upepo unapita. Haimwagwi maji. Imebaki kijani. Mama huigeuza kwa vidole mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Jumanne, 6 Mei

Nane nukta moja. Inapanda! Sitaki kufurahi. Mvua imekata barabara ya chini.

Jumanne, 20 Mei

Tisa nukta mbili. Roselyne alinishika mabega. Lakini si kumi na moja, na siku zimekwisha. Akasema nisithubutu kujifungulia nyumbani. Usiku huwa naota nimelala kule nje kaburini na saruji yake imenibana kifua. Leo nimevuta pazia nikalifunga kwa pini.

Jumapili, 1 Juni

Naandika nikiwa wodini Nyamira. Mwandiko umepinda lakini ni wangu.

Uchungu ulianza Jumatano kabla ya saa sita mchana, mvua ikinyesha kama imetumwa. Barabara ilikuwa tope, hakuna gari lililokubali kupanda. Mama alikimbia miguu mitupu mpaka kituo cha kuuzia majani ya chai, akasimama mbele ya lori la kubebea majani mikono akiwa ameitandaza. Dereva aliniambia baadaye alidhani ni mwendawazimu. Kiti cha mbele sikuweza kukaa. Wakanilaza nyuma, juu ya magunia ya chai mbichi, Mama ameshika turubai juu yangu kwa mikono miwili. Kila lori liliporuka nilisema nakufa. Kila niliposema hivyo yeye alisema, "Hapana. Si na wewe." Lori lilikwama mara moja, wachumaji wakalisukuma. Harufu ya chai ilikuwa puani mwangu njia nzima.

Mtoto alitoka salama, msichana, sauti kama king'ora. Kisha damu ikaja.

Sitaki kuieleza sana. Niliona uso wa mkunga ukibadilika, niliona watu wakiongezeka chumbani, nilisikia baridi ikipanda kutoka miguuni. Nilimfikiria Bonareri. Nilifikiri, basi hivi ndivyo ilivyokuwa, mwenzangu, ulikuwa kwenye kile chumba chenye dirisha na hukuwa na watu hawa. Nikamwita kwa jina. Halafu wakanichoma sindano, wakanikanda tumbo, wakashindana nayo mpaka ikasimama.

Leo asubuhi mkunga mkuu alipita akakagua kadi yangu ya kliniki. Mama alikuwa kitandani pangu na bakuli la saga. "Una bahati," mkunga akaniambia. "Kwa ile damu ya Aprili, tungekupoteza mezani."

Alisema kwa wema, akaenda zake. Mama aliweka bakuli chini. Nilimwona akihesabu moyoni, nami nilijua anahesabu vikombe vya Bonareri, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya Jumatano.

Alhamisi, 5 Juni

Tumerudi Ikonge. Mvua imepungua. Mama alinitandikia kitanda, akamlaza mtoto, kisha akatoa pini kwenye pazia, akatazama nje. Alizungumza akiwa amenipa mgongo.

"Yule mwenzako alipenda chai sana. Alikuwa ananiomba nikoleze. Mimi nafurahi, nasema huyu msichana ana adabu, anapenda kazi ya mikono yangu."

Ningeweza kumwambia kilichomuua ni barabara, ni mvua, ni kujifungulia nyumbani, na yote hayo yangekuwa kweli. Lakini alikuwepo kituoni, na alisikia wodini. Si mtu wa kudanganywa.

"Hukujua, Mama."

"Sikujua." Alitazama kiganja chake. "Lakini aliyekoroga ni mimi."

Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia kufa, jina lisipotee. Msimu mzima nimeogopa kwamba watamwita wangu kwa jina lile, nimnyonyeshe kifo changu mwenyewe. Osoro, kwa kunihurumia, amependekeza Nyangate, jina la nyanya yake. Mama ndiye mwenye haki ya kutoa jina, na mpaka leo alikuwa hajafungua mdomo.

Nilimchukua mtoto nikamweka mikononi mwake.

"Mwite, Mama."

"Nimwite nani?"

"Unamjua."

Alianza kutikisa kichwa kukataa, nami nikamwambia ni mimi ninayetaka, hakuna aliyenilazimisha. Alimfunika mtoto kwa kanga, akatoka naye nje, akapita kando ya saga mpaka penye saruji ya kaburi. Nilisimama dirishani. Nikamwona akiinamisha kichwa karibu na sikio la mtoto, akasema, "Bonareri." Kisha akalisema tena kwa sauti, kama mtu anayeita mtu aliye mbali shambani arudi nyumbani kula, na mtoto akaanza kulia.